Ushindi Mkubwa na Adabu Yake

Mtoto aliyeshindwa mchezoni hufundishwa na kushindwa kwake. Aliyeshinda kwa urahisi ndiye anayehitaji zaidi mzazi wa kukaa naye kitako, amweleze ushindi ule ulitoka wapi. Twayasema haya kwa ajili ya kina mama ambao wana wao hushinda juani Jumamosi na Jumapili wakicheza kriketi, kisha hurudi nyumbani wakijigamba. Natutoe mfano mmoja.

Tarehe 29 Februari 1996, siku chache baada ya Idi ya Ramadhani, timu ya Kenya iliingia uwanjani mjini Pune, India, kupambana na West Indies katika Kombe la Dunia. West Indies walikuwa wameshalitwaa kombe hilo mara mbili, mwaka 1975 na 1979. Kenya ndiyo kwanza ilikuwa ikishiriki. Wengi wa wachezaji wetu hawakuwa wa kulipwa. Siku za juma walikwenda kazini, na kriketi yao ilikuwa ya mwisho wa juma, kama hii ya wana wetu.

Kenya walitangulia kupiga, wakatolewa wote kwa mikimbio 166. Katika mchezo ambao kila upande hupewa ova 50, hicho ni kima kidogo. Lakini hapa pana jambo la kuzingatia. Aliyewapita wenzake wote wa Kenya kwa kupiga, Steve Tikolo, alipata mikimbio 29. Mikimbio ya ziada, ambayo sehemu yake kubwa hutolewa bure mrushaji anapoutupa mpira kando mno au mguu wake unapovuka mstari, ilifika 37. Basi hapana Mkenya aliyeifaa timu yake kwa hesabu kuliko uzembe wa wapinzani.

Zamu ya West Indies ilipofika, Wakenya hawakuwa wakarimu kiasi hicho. Brian Lara, ambaye mwaka 1994 alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mikimbio 375, alitoka na 8 tu. Rajab Ali alirusha, na Tariq Iqbal akaudaka mpira nyuma ya vigingi. Nahodha Maurice Odumbe alirusha mipira ya polepole isiyomtisha mtu, lakini aliituma pale pale ilipotakiwa, akawatoa watatu kwa mikimbio 15. Rajab Ali naye akawatoa watatu. West Indies wote wakaishia 93, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 73.

Mwenye kusoma hesabu hiyo atadhani ulikuwa ushindi mwepesi. Haukuwa. Uliokotwa kidogo kidogo, kama kibaba kinavyojazwa: mpira mmoja uliodakwa, mkimbio mmoja uliozuiwa, mguu uliochunga mpaka wake. Kwa hiyo mtoto akitwambia amewashinda wenzake vibaya, tusimuulize kwa mangapi tu. Tumuulize aliwapa mangapi ya bure, nani alimsaidia, na kama alimpa mkono aliyeshindwa. Akiyajibu hayo, atakuwa ameujua ushindi wake.

Asipoyajua, sifa zitamharibu, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wala ushindi hauwekwi akiba. Kenya ile ile ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Katika kikosi cha Pune alikuwamo Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia la 1999. Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 39, alisimama mjini Durban mbele ya Australia, mabingwa wa dunia. Katika ova zaidi ya 8 alitoa mikimbio 7 tu, akawatoa wapigaji watatu. Kenya ilishindwa siku ile, lakini mchezaji bora aliyetajwa ni yeye. Alikuwako siku ya ushindi mkubwa, akawako siku ya kushindwa, na kote kuwili hakumpa mpinzani cha bure. Hilo ndilo tuwafundishe wana wetu.