Homa Isiyokwisha Yaweza Kutoka Zizini

Mwezi huu tunapenda kuzungumza na familia zenye ng'ombe wachache nyumbani. Kwetu vijijini zizi huwa hatua chache tu kutoka mlango wa jiko. Ng'ombe hao ndio ada ya shule, samadi ya shamba na maziwa ya watoto. Lakini wanaweza pia kutuletea ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu huuita bruselosi.

Tuchukue mfano. Ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba anatupa ndama mfu. Baba anamvuta ndama kwa mikono mitupu. Baadaye ng'ombe yule anakamuliwa, na watoto wanakunywa maziwa yakiwa bado na uvuguvugu wa kiwele. Baada ya wiki chache baba anashikwa na homa. Usiku anatoka jasho jingi, viungo na mgongo vinamwuma, mwili hauna nguvu. Anameza dawa za malaria bila kupimwa. Homa inapoa, kisha inarudi. Miezi inapita, shamba halijalimwa na akiba imekwisha.

Vijidudu vya ugonjwa huu viligunduliwa na daktari David Bruce mwaka 1887 katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kuwa vilikaa katika mbuzi walioonekana wazima kabisa. Askari wa Uingereza kisiwani humo walipoacha kunywa maziwa mabichi ya mbuzi mwaka 1906, ugonjwa ulipungua upesi kati yao. Basi tusiseme, "Ng'ombe wangu amenona, maziwa yake hayana neno."

Tufanye nini nyumbani?

1. Tuchemshe maziwa yote mpaka yatokote, ya ng'ombe na ya mbuzi. Kugandisha peke yake hakutoshi kuua vijidudu. Anayependa mtindi achemshe kwanza, ayapoze, ndipo agandishe.

2. Tusiguse ndama aliyetupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Tuvae glavu, zikikosekana, mifuko ya plastiki isiyotoboka. Kisha tunawe kwa sabuni. Mama mjamzito na watoto wakae mbali.

3. Tufukie mabaki hayo katika shimo refu. Tusiwatupie mbwa, maana watayasambaza.

4. Tumtenge ng'ombe aliyetupa mimba na kumwita mtaalamu wa mifugo ampime. Tumwulize pia habari za chanjo ya mitamba.

5. Tusimpeleke ng'ombe huyo mnadani kimyakimya. Kumwuzia jirani ng'ombe wa namna hiyo ni kumwuzia homa yeye na watoto wake.

Mwenye homa inayorudirudi aende zahanati au kituo cha afya akapimwe, na amweleze mganga wazi kwamba anafuga. Neno hilo dogo huweza kufupisha safari ndefu ya mateso. Ugonjwa huu unatibika, lakini kwa kawaida dawa ni za aina mbili au zaidi, na hutumiwa kwa muda wa wiki sita hivi. Wengi huziacha wakipata nafuu wiki ya pili, na homa hurudi. Watoto wadogo na akina mama wajawazito hupewa dawa zinazowafaa wao, kwa hiyo tusigawane vidonge nyumbani.

Kuni za kuchemshia maziwa ni gharama, tunajua. Lakini miezi ya kulala kitandani ni gharama kubwa zaidi.