Vitu vya Kuchezea Vimo Jikoni Mwako

Mwanangu wa pili alipotimiza miaka mitatu nilimpeleka shule ya chekechea iliyo jirani na kwetu. Baada ya wiki mbili mwalimu aliniita pembeni. "Mama," aliniuliza kwa upole, "nyumbani huwa anaongea?" Nilimjibu kwamba anaongea, ila ni mtoto mtulivu. Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilijaribu kukumbuka ni lini nilimsikia akisema sentensi nzima. Sikukumbuka.

Wakati huo nilikuwa naondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jua limezama. Mtoto alibaki na dada wa kazi, ambaye naye alikuwa na mengi ya kufanya: kufua, kupika, kuchota maji. Televisheni iliwashwa asubuhi ikazimwa usiku. Si kwamba mtoto alikosa vitu vya kuchezea. Alikuwa na gari la betri, mwanasesere anayelia na simu ya plastiki yenye muziki. Nilivinunua mimi mwenyewe, kila mwisho wa mwezi, nikiamini kwamba ndivyo mama anayempenda mtoto wake anavyofanya.

Mwezi uliofuata mama mkwe wangu alikuja kutoka Lushoto kukaa nasi. Siku ya tatu aliniambia, "Mwanangu, mtoto huyu ana vitu vingi vya kuchezea, lakini hana wa kuzungumza naye." Maneno yale yaliniuma, lakini yalikuwa kweli. Mchana, alipokuwa akichambua mchele, bibi alimkalisha mjukuu wake kando ya ungo. "Hili ni jiwe," alimwambia. "Jiwe tunalitupa. Tupa! Hii ni chuya. Chuya tunaiweka hapa." Mtoto alitupa, akacheka, akatafuta jiwe lingine. Jioni nilipoingia mlangoni alinikimbilia ameshika kokoto kiganjani. "Mama, jiwe!" akasema.

Tulimpeleka hospitali pia akapimwa masikio, nayo yakaonekana mazima. Miezi michache baadaye alikuwa anauliza maswali mpaka nikachoka kuyajibu. Sikununua kitu chochote kipya. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu wa kucheza naye, na mtu huyo alikuwa akizungumza.

Mchezo si kupoteza wakati

Akina mama wengi tunadhani kucheza ni jambo la kumfanya mtoto atulie ili sisi tufanye kazi. Masomo, tunasema, yataanza shuleni. Lakini mtoto wa umri huu hana njia nyingine ya kujifunza isipokuwa kushika, kuonja, kumwaga, kurudia na kusikia jina la kile anachokifanya.

Kuna ushahidi wa jambo hili kutoka nchi ya Jamaica. Kati ya mwaka 1986 na 1987 Daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Indies waliwachagua watoto 129 katika mitaa ya watu maskini ya mji wa Kingston. Watoto hao walikuwa na umri wa miezi 9 hadi 24, na walikuwa wamedumaa kwa lishe duni. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya mara moja kwa wiki, saa moja kila mara, kwa muda wa miaka miwili. Wahudumu hao hawakupeleka midoli ya dukani. Walipeleka vitu vilivyotengenezwa kwa mabaki ya nyumbani, wakamwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto, kuzungumza naye na kumsifu anapofaulu.

Watoto wale walifuatiliwa mpaka wakawa watu wazima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wale waliochezewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakuchezewa hivyo. Walikuwa wamewafikia hata watoto wa jirani ambao hawakudumaa. Hayo yote yalitokana na saa moja kwa wiki, mabaki ya nyumbani, na mama aliyeonyeshwa la kufanya.

Sasa tuangalie michezo unayoweza kuiandaa wewe mwenyewe, kwa kufuata umri wa mtoto.

Mwaka mmoja hadi miwili

Mtoto wa umri huu anapenda kutia na kutoa, kufunika na kufunua, na kupiga kelele. Usimkataze, mpe vya kufanyia hivyo.

Kayamba. Chukua chupa ndogo ya plastiki iliyo safi na kavu. Tia maharage au mchele kiasi cha robo. Paka gundi kwenye nyuzi za kifuniko, kikaze, kisha kizungushie utepe wa gundi ili kisifunguke. Tengeneza ya pili na uitie mchanga. Zitikise moja moja. "Hii inapiga kelele. Hii inasema polepole."

Kujificha. Funika kijiko kwa kanga huku mtoto anaona. Muulize, "Kijiko kiko wapi?" Akikipata, shangilia. Hapo anajifunza kwamba kitu kisichoonekana bado kipo.

Bakuli za kutumbukizana. Mpe bakuli tatu za plastiki, kubwa, ya kati na ndogo. Mwache ahangaike. Usimfanyie haraka, kosa lake ndilo mwalimu wake. Akishindwa kabisa, mwonyeshe mara moja kisha umrudishie.

Mwanasesere wa matambara. Kunja kitambaa, kijaze vipande vya nguo kuukuu, funga shingo kwa uzi na ushone macho kwa uzi mweusi. Usitumie vifungo, kwa maana hung'oka na mtoto huvimeza. Mwambie mtoto amwoshe mwanasesere uso, mkono, mguu. Mbebeshe mgongoni kwa kitambaa. Kwa njia hiyo atayajua majina ya viungo vya mwili bila kufundishwa.

Miaka miwili hadi mitatu

Sasa mtoto anataka kufanya unalolifanya wewe. Dada Maria Montessori hakuwa mtawa, bali daktari wa Kiitaliano. Alipofungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini huko Roma mwaka 1907, aliona kwamba watoto wadogo hufurahia kazi za kweli: kumimina maji, kufagia, kufunga vifungo. Kwetu kazi hizo hazikosekani.

Kumimina. Mwekee beseni, vikombe viwili vya plastiki na maji kidogo. Amimine kutoka kikombe hiki hadi kile. Mfundishe maneno: kimejaa, kiko tupu, maji mengi, maji machache. Kaa naye mpaka amalize, kisha mwaga maji.

Soksi na wenzake. Siku ya kuanua nguo, changanya soksi za nyumba nzima. Mwambie atafute mwenzake wa kila moja. Kisha muulize ipi ya baba na ipi ya mtoto. Hapo kuna rangi, ukubwa na kulinganisha, na wewe umesaidiwa kazi.

Mfuko wa siri. Tia ndani ya mfuko wa kitambaa kijiko, limau, kitana na kiatu chake. Aingize mkono bila kuchungulia, ashike kimoja na kukitaja. Kama hajui jina, aeleze kikoje: kigumu, laini, cha mviringo.

Picha ya kukatwa. Bandika picha ya kalenda ya zamani juu ya boksi kwa gundi ya uji wa unga wa ngano. Ikikauka, ikate vipande viwili. Akiweza kuiunganisha, kata iwe vinne, baadaye sita. Chagua picha ya kitu anachokijua, kama ng'ombe au basi.

Miaka minne na mitano

Katika umri huu wazazi wengi huanza kumlazimisha mtoto kuandika. Tunamshikisha kalamu, anaishika kwa ngumi, mstari unapinda, tunamfokea. Kabla ya kuandika, vidole vinahitaji nguvu, na nguvu hiyo hupatikana kwa kufinyanga, kukata na kuchambua.

Unga wa kufinyanga. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi. Ongeza vijiko 2 vya mafuta ya kupikia, kisha maji kidogo kidogo, yasizidi kikombe 1, huku ukikanda mpaka donge lisigande mikononi. Ukitaka rangi ya njano tia bizari ya manjano. Lihifadhi ndani ya chombo chenye mfuniko, na ulitupe likianza kunuka. Mtoto asilile, maana lina chumvi nyingi mno. Kama unga ni ghali, udongo wa kichuguu uliolowekwa na kuondolewa mawe unafaa vilevile. Atengeneze chapati, nyoka, chungu, na mwisho herufi ya kwanza ya jina lake.

Mashimo ya kuhesabu. Chimbeni vishimo vitano uani kama vya bao. Shimo la kwanza litiwe kokoto moja, la pili mbili, mpaka tano. Kisha muulize, "Tukichukua moja hapa zitabaki ngapi?" Anayehesabu kwa kushika anaelewa hesabu, anayekariri moja mpaka ishirini huenda hajui ishirini ni nini.

Duka. Panga pakiti tupu za chumvi, majani ya chai na sabuni juu ya kigoda. Vipande vya karatasi viwe pesa. Yeye awe muuzaji, wewe mteja. "Shikamoo muuza duka, nataka sabuni mbili." Mtoto mkubwa amwandikie bei.

Vitendawili. Jioni mnapomenya viazi, tungieni vitu vilivyo mbele yenu. "Kitendawili!" "Tega!" "Nina koti la njano, ukinivua unanila." Akishajua ni ndizi, mwombe naye atunge cha kwake. Hata kikiwa hakina maana, kitegue kwa heshima.

Tahadhari

Mtoto chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni. Kuna kipimo rahisi: chukua kile kipande cha boksi cha mviringo kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto huyo na kinaweza kumkaba koo. Vizibo vya soda, vifuniko vya chupa za maji, gololi na betri ndogo za saa viwekwe mbali kabisa. Maharage na punje za mahindi huingizwa puani na masikioni, kwa hiyo hata mkubwa wake achezee wewe ukiwapo.

Usitumie makopo yenye kingo kali wala vyombo vilivyowahi kuwekwa dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya taa. Mifuko ya plastiki si ya kuchezea. Usimwache mtoto peke yake na ndoo au beseni la maji hata kwa dakika moja. Maji machache yanatosha kumzamisha.

Na simu je? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asiwekwe kabisa mbele ya simu au televisheni, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Ikipungua hapo ni bora zaidi. Simu humnyamazisha mtoto, lakini haimsubiri ajibu.

"Mimi sina nafasi"

Najua. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini ukiangalia tena michezo hii utaona kwamba mingi inafanyika ukiwa kazini jikoni, uani au kwenye kamba ya nguo. Tenga robo saa ambayo ni ya mtoto peke yake, simu ikiwa mbali. Kama unarudi usiku, tumia wakati wa kumwogesha. Mfundishe dada wa kazi mchezo mmoja kila wiki, na umshukuru anapoufanya, maana yeye ndiye anayeshinda na mtoto wako. Mweleze pia baba wa watoto. Mtoto anayetafuta soksi za baba akiwa na baba mwenyewe hufurahi mara mbili.

Usipambanishe mtoto wako na wa jirani. Kila mmoja ana mwendo wake. Lakini akitimiza miaka miwili na hawezi kuunganisha maneno mawili, kama "maji mama," au akiitwa hageuki, usingoje. Mpeleke kliniki apimwe, masikio kwanza.

Mama mkwe wangu alirudi Lushoto baada ya miezi mitatu. Ule mfuko wa siri alioushona kwa kipande cha kanga yake bado tunao. Leo jioni, kabla hujawasha televisheni, mwite mwanao jikoni, mpe bakuli tatu, ukae naye chini.