Saa Sita za Kuokoa Ubongo wa Kichanga

Degedege la kichanga halifanani na la mtu mzima. Hatupi mikono wala hatoi povu. Anatafunatafuna midomo, macho yanakaza upande mmoja, miguu inakwenda kama anaendesha baiskeli. Bibi aliyekaa kitandani pembeni huniambia, "Nesi, mjukuu wangu ana njaa, anyonyeshwe." Kwa mtoto ambaye hakulia alipozaliwa, mimi naona ubongo ulioumia.

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya wilayani Mkalama, mkoani Singida. Watoto hawa tunasema wamezaliwa wamechoka: uchungu umekuwa mrefu mno, au kitovu kimebanwa, au kondo limeachia mapema, na oksijeni haikufika kichwani. Mtoto akipata pumzi, hatari haijaisha. Seli za ubongo hutulia kwa saa kadhaa, kisha huanza kuharibika upya. Kipindi hicho cha utulivu, kama saa sita, ndicho tiba hulenga.

Kazi ngumu ni kuifikisha dawa. Kuta za mishipa midogo ya ubongo zimeshikana sana; huzuia sumu, na huzuia dawa nyingi pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wamejaribu kwa wanyama kuipakia dawa kwenye chembe ndogo mno ziitwazo dendrimeri, zinazoingia zenyewe kwenye seli zenye uvimbe. Nawaombea wafanikiwe, ila sishangilii bado. Dawa iitwayo erithropoietini nayo ilitumainiwa sana, lakini majibu ya 2022 kutoka kwa watoto wapatao 500 wa Marekani yalionyesha haikupunguza vifo wala ulemavu. Hata kumpoza mtoto hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, tiba ya kawaida Ulaya, kulileta majonzi India, Sri Lanka na Bangladesh. Katika utafiti wa HELIX wa watoto 408, uliochapishwa 2021, waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa asilimia 31. Tiba iliyofaa London lazima ipimwe upya kwa watoto wetu kabla ya kuletwa Singida.

Dawa ninayoijua kwa mikono yangu ni fenobarbitali, ambayo kuta zile za mishipa ya ubongo huipitisha. Kwanza natoboa kisigino, tone moja la damu, nipime sukari, kwa kuwa sukari ikishuka nayo huleta degedege. Kisha mizani. Mtoto wa kilo 3 hupata miligramu 60. Daktari akishaagiza, naichanganya, naisukuma taratibu kwenye mshipa kwa muda wa dakika 20 hivi, macho yangu yakiwa kifuani pake nikihesabu pumzi, maana dawa hiyohiyo inaweza kuizima. Inatuliza degedege, ubongo haiuponyi. Wazazi nawaeleza hivyo waziwazi, kwa sababu baadaye huenda wakakutana na mtindio wa ubongo na hawastahili kushtukizwa.

Halafu rufaa. Tunapiga 115, namba ya m-mama, mfumo uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, na linatafutwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Msimu wa mvua, barabara ikikatika, saa sita huishia njiani.

Ndiyo maana ambu, mfuko wa kumpumulishia mtoto wenye barakoa ndogo, haitoki mezani pangu. Mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua yaliyoanza 2009 katika hospitali 8 za Tanzania yalipunguza vifo vya saa 24 za kwanza kwa asilimia 47. Mtoto aliyepumulishwa ndani ya dakika ya kwanza mara nyingi hahitaji dawa yoyote ya ubongo.

Kwa wale ambao pumzi huchelewa, dawa mpya ikipatikana, naomba watengenezaji waiweke kwenye kichupa kisichohitaji friji, ichomwe kwenye msuli, na mkunga wa kituo aruhusiwe kuitoa gari likiwa bado njiani.