Ujirani wa Jeni za Kinga: Mafunzo kutoka kwa Samaki

Mgonjwa anayehitaji kupandikizwa figo huulizwa mapema iwapo ana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Swali hilo lina msingi wa kijenetiki. Kwa kila ndugu wa namna hiyo, uwezekano wa kurithi jeni zilezile za kutambulisha tishu ni takriban mmoja kwa nne. Hesabu hiyo inatokana na jambo moja: kwa binadamu, jeni hizo zimekaa mahali pamoja katika kromosomu moja, na kwa kawaida mtoto huzirithi kama furushi lililofungwa. Je, ni lazima zikae hivyo? Uchunguzi wa jenomu za samaki umeonyesha kwamba si lazima, na jibu hilo limesaidia kueleza mpangilio wa jeni za binadamu mwenyewe.

Madaraja mawili ya jeni

Jeni zinazozungumziwa hapa huitwa kwa pamoja MHC, yaani kundi kuu la jeni za ulinganifu wa tishu. Kwa binadamu hujulikana kama HLA. Zilianza kufahamika kwa sababu ya kukataliwa kwa vipandikizi, na utafiti huo uliwapatia Baruj Benacerraf, Jean Dausset na George Snell Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Hata hivyo, kazi yake ya asili haihusu upasuaji. Protini zinazotokana na jeni hizo hukaa juu ya seli mithili ya sinia, zikiwa zimebeba vipande vidogo vya protini nyingine ili askari wa kinga wavikague.

Sinia za daraja la kwanza hupatikana katika karibu seli zote zenye kiini. Huonyesha vipande vya vitu vinavyotengenezwa ndani ya seli, zikiwemo protini za virusi vilivyoivamia. Seli za CD8 zikigundua kipande kigeni, huiua seli iliyoambukizwa. Sinia za daraja la pili hupatikana hasa katika seli maalumu zinazomeza vitu kutoka nje, kama vile bakteria. Hizi hukaguliwa na seli za CD4, ambazo huamuru na kuratibu sehemu kubwa ya kinga, ikiwemo utengenezaji wa kingamwili.

Kwa binadamu, madaraja yote mawili yamo katika kromosomu ya 6, kwenye eneo lenye takriban jozi besi milioni 4 na zaidi ya jeni 200. Ndani ya eneo hilo kuna jambo la kushangaza. Kabla sinia ya daraja la kwanza haijabeba kitu, protini lazima ikatwekatwe na mtambo uitwao proteasomu, kisha vipande vipitishwe na mbebaji aitwaye TAP. Jeni za mbebaji huyo na za baadhi ya vikatio vya mtambo huo hulihudumia daraja la kwanza, lakini zimekutwa katikati ya jeni za daraja la pili. Ni kama mafundi wa karakana moja kukutwa wanaishi katika mtaa wa karakana nyingine.

Samaki waliotenganisha madaraja

Fumbo hilo lilianza kueleweka katika miaka ya 1990, watafiti walipochunguza Danio rerio, samaki mdogo wa maji baridi wa Asia ya Kusini mwenye milia ubavuni. Kwake, jeni muhimu za daraja la kwanza zimo katika kromosomu ya 19, ilhali za daraja la pili zimo katika kromosomu ya 8. Utengano huohuo umeonekana kwa samaki wengine wa kundi kubwa la samaki wa mifupa, wakiwemo samoni. Pamoja na hayo, vikatio na mbebaji wamekutwa jirani na daraja la kwanza wanalolihudumia. Kwa samaki hawa, mafundi wanaishi karibu na karakana yao.

Mpangilio upi ni wa kale zaidi? Jibu lilitoka kwa papa, ambao ukoo wao ulitengana na ule wa samaki wa mifupa zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kwa papa, madaraja yote mawili yako pamoja, na mafundi wako hapohapo. Kwa hiyo, ukaaji wa pamoja ndio wa kale, na utengano ulitokea baadaye katika ukoo wa samaki wa mifupa. Ukoo huo ulipitia tukio la jenomu nzima kujirudufisha, na baada ya hapo nakala nyingi za jeni zilipotea. Kutokana na ulinganisho huo, fumbo la binadamu linafumbuliwa: mafundi hawakuhama. Waliobaki mahali pa asili ni wao, na jeni za daraja la kwanza ndizo zilizosogea mbali nao.

Matokeo ya ujirani

Mahali jeni ilipo huamua itarithiwa pamoja na nini. Kwa kuwa madaraja ya samaki wa mifupa yamo katika kromosomu tofauti, kila daraja hurithiwa kivyake. Kama binadamu angekuwa na mpangilio huo, uwezekano wa ndugu wawili kulingana katika madaraja yote mawili ungekuwa robo ya robo, yaani mmoja kwa 16. Kwa mgonjwa anayesubiri figo, tofauti hiyo si ndogo.

Upande wa pili wa ujirani ni ushirikiano. Kwa Danio rerio, aina fulani ya sinia hurithiwa pamoja na aina mahususi ya vikatio na mbebaji, kama kufuli na ufunguo wake. Kwa binadamu, mbebaji yuleyule hana budi kuzihudumia sinia za aina nyingi.

Chewa asiye na CD4

Mwaka 2011, jenomu ya chewa wa Atlantiki, Gadus morhua, ilichapishwa. Samaki huyu wa bahari za kaskazini asichanganywe na chewa wa miamba wa pwani ya Afrika Mashariki. Ilibainika kwamba hana kabisa jeni za daraja la pili wala jeni ya CD4. Kwa daktari anayewahudumia watu wanaoishi na VVU, habari hiyo inastaajabisha, kwa kuwa binadamu anayepoteza seli za CD4 bila matibabu huandamwa na magonjwa nyemelezi hadi kufa. Chewa huishi na kuzaana katika bahari iliyojaa vijidudu. Badala yake, ana jeni nyingi za daraja la kwanza, takriban 100, na jeni zake za kinga ya asili nazo zimebadilika.

Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya samaki wa kilindini wamepoteza hata zaidi. Miongoni mwao, dume hujishikiza kwa jike, tishu zao zikaungana na mishipa yao ya damu ikawa mmoja, bila kukataliwa. Wamepoteza jeni kadhaa ambazo kwa binadamu ni nguzo za kinga.

Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Mwaka 2014 zilichapishwa jenomu za samaki watano wa Afrika wa familia ya sato na furu. Miongoni mwao ni sato wa Mto Nile, anayefugwa sana katika kanda hii, na Pundamilia nyererei wa Ziwa Viktoria, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Ramani hizo zina manufaa kwa ufugaji. Chanjo nyingi hutegemea msaada wa seli za CD4 ili kingamwili zitengenezwe vizuri, na chewa aliyechanjwa hutoa kingamwili mahususi kwa udhaifu. Kabla ya kutafuta chanjo ya samaki fulani, ni busara kujua ana jeni zipi.

Haifai, hata hivyo, kumchukua chewa kama ushahidi kwamba binadamu anaweza kuishi bila CD4. Ukoo wa chewa ulipata mamilioni ya miaka ya kujijengea njia nyingine. Mgonjwa aliyeko wodini hana muda huo. Kwake, dawa za kufubaza VVU zinazolinda seli hizo ndizo njia iliyopo.