Je, Wajua? Shule Ndani ya CD Moja

Je, wajua kwamba CD ina mstari mmoja tu, uliojizungusha kutoka katikati hadi karibu na ukingo, na kwamba ukinyooshwa unazidi kilomita tano? Mstari huo hubeba megabaiti 700. Anayekusanya programu za bure kwa ajili ya shule huanza na kipimo hicho, kisha anaamua kipi kiingie na kipi kiachwe. Kwa shule ya Mbingu, katika Bonde la Kilombero, kwenye reli ya TAZARA kati ya Ifakara na Mlimba, uamuzi huo ni mzito: mwalimu anayenunua bando kwa fedha zake hawezi kupakua kila programu kwa kila kompyuta.

Je, wajua kwamba kunakili programu huria si wizi? Leseni ya GNU GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, inakuruhusu kuitumia programu, kuigawa, kuibadilisha, hata kuiuza, mradi anayeipokea naye apate haki hizohizo na msimbo chanzo wake. Ndiyo maana kampuni ya Canonical iliweza kutuma CD za mfumo endeshi wa Ubuntu bure kwa posta, hadi mwaka 2011, kwa waombaji wa nchi mbalimbali. Hata hivyo, si kila cha bure ni huria. Tux Paint na GCompris, zinazopendwa na watoto wadogo, ni huria kamili. GeoGebra, hazina kubwa kwa mwalimu wa hisabati, ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mwenye steshenari anayetaka kuiuza ndani ya CD asome masharti kwanza.

Mimi ningeanza na Stellarium, programu ya kutazama nyota. Mwanafunzi anachagua mahali, tarehe na saa, naye anaona anga kama lilivyo juu ya Bonde la Kilombero: Kilimia, nyota ambazo wakulima wa Afrika Mashariki wamezitumia kujua majira, na pia Msalaba wa Kusini, ambao mtoto wa London hauoni kamwe akiwa kwao.

Lugha nayo? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, leo inasomeka bila intaneti kwa programu ya Kiwix, iliyopakiwa kwenye flashi. Kompyuta nyingi mpya hazina tena mlango wa CD, lakini kazi ya kuchagua ni ileile.

Hapa ndipo ninapowasihi walimu wa Kilombero wasiishie kupokea. CD inayotoka mbali huleta dubu na theluji. Haimleti sheshe, swala wa mbugani ambaye bonde hili, lililoingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu mwaka 2002, limekuwa miongoni mwa makazi yake makuu duniani. Wala haimleti chura wa Kihansi, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, maji yakapungua baada ya kujengwa kituo cha umeme, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliokuzwa katika bustani za wanyama Marekani walirudishwa mwaka 2012. Somo la biolojia, umeme na uraia limo ndani ya chura mmoja, naye ni wa wilaya yao. Picha na maelezo yaliyoandaliwa na walimu wenyewe yanaweza kuingia kwenye CD hiyohiyo bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwisho, je, wajua kwamba upande dhaifu wa CD ni ule wenye maandishi? Data imekaa chini kidogo tu ya lebo, ilhali upande unaong'aa umekingwa na plastiki ya zaidi ya milimita moja. Andika jina la somo kwa kalamu laini ya wino. Bolipeni inaweza kufuta sura nzima ya hisabati.