Labissière: Kwa nini mashabiki wa Kentucky waliishiwa subira?

Skal Labissière, kinda kutoka Haiti, alitua Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 2015 akitajwa miongoni mwa chipukizi bora wa kikapu Marekani. Msimu ukaisha na wastani wa pointi 6.6 tu kwa mechi. Mashabiki wakaguna.

Shida ilikuwa nini? Alikuwa mwembamba, akasukumwa sana chini ya kikapu na wachezaji waliomzidi umri na nguvu. Halafu NBA hupokea vijana mwaka mmoja tu baada ya sekondari, hivyo wakali wengi hawakai chuoni. Shabiki anataka matunda msimu huohuo.

Labissière naye akaondoka, akachaguliwa wa 28 mwaka 2016. Machi 2017, akiwa Sacramento Kings, aliwatupia Phoenix Suns pointi 32. Kipaji kilikuwepo, muda ndio haukutosha.