Mwalimu wa skuli aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu

Akitajwa marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy katika baraza yoyote ya Mombasa, Malindi au Lamu, watu humkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. La pili, ndiye aliyetuachia Qurani Takatifu yenye tafsiri na maelezo kwa Kiswahili. Ni nadra kumsikia mtu akilitaja jambo la tatu, nalo ndilo ninalotaka kulizungumza leo. Kabla ya ukadhi, na kabla ya tafsiri hiyo kukamilika, bwana huyu alikuwa mwalimu wa skuli za watoto wadogo huko Unguja, na kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka kumi.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni habari ndogo, kwani kila mtu huanza mahali. Mimi naona kinyume. Kila nikizidi kuvisoma vitabu vyake ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba darasa la watoto ndilo lililomfunza kuandika, na kwamba bila ya chaki na ubao tusingekipata kitabu kile katika sura tunayoijua.

Chuoni na skuli

Sheikh Abdalla alizaliwa Unguja mwaka 1912. Zama hizo mtoto wa Kiislamu alianza kwa maalimu wa chuo, akasoma alifu na bee, akafika kuhitimu msahafu. Skuli ya serikali ilikuwa jambo geni. Wazee wengi waliikimbia, wakiogopa kwamba mtoto atatolewa katika dini yake, na serikali ya Unguja haikuwapata wanafunzi wa kutosha mpaka ilipokubali kuingiza Qurani na masomo ya dini katika skuli zake.

Yeye alizipita njia zote mbili. Alisoma skuli, kisha akaingia mafunzo ya ualimu. Wakati huo huo hakuacha kukaa chini ya masheikh. Miongoni mwa waliomsomesha ni Sheikh Abubakar, mwana wa Sheikh Abdalla Bakathir aliyeanzisha madrasa mashuhuri ya Ukutani, na Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumayt, ambaye naye alikuwa kadhi. Kwa hivyo kijana huyu asubuhi alikuwa mwalimu mwenye cheti cha serikali, na jioni alikuwa mwanafunzi msikitini, kitabu mapajani.

Katika miaka ya 1930 na 1940 alisomesha katika skuli za msingi za Unguja. Baadaye alifanywa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba, kisha akawa mwalimu mkuu wa skuli iliyosomesha kwa Kiarabu. Mwaka 1960 aliteuliwa kuwa kadhi wa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 alikaa miaka michache tu; mwaka 1967 alivuka bahari akaja Kenya, na mwaka uliofuata alishika ukadhi mkuu baada ya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Aliendelea nao mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, kisha akaenda Oman, na huko ndiko alikofariki mwaka 1982.

Ukiipima safari hiyo utaona kwamba ukadhi wake wote, wa Unguja na wa Kenya, ulichukua kama miaka ishirini. Kazi ya skuli, ukiijumlisha na ukaguzi, ilichukua zaidi ya hapo.

Kalamu ya mwalimu

Anayesomesha watoto wadogo hana budi kuzoea mambo matatu. Hulisema jambo moja kwa wakati mmoja. Humwelewesha aliye nyuma kabisa, kwani aliye mbele atajisomea mwenyewe. Na hutumia maneno anayoyasikia mtoto nyumbani kwao.

Sasa tazama vitabu vya Sheikh Abdalla. Viko vijitabu vyake juu ya sala, juu ya saumu, juu ya ndoa na talaka, na juu ya urathi. Kila kimoja kimeshika mlango mmoja wa fiqhi, kikaueleza kwa Kiswahili kinachozungumzwa mitaani. Mwanavyuoni wa jadi angetunga kitabu kimoja kikubwa kwa Kiarabu, na wanafunzi wake wakakaa miaka wakikisherehesha. Mwalimu wa skuli alitoa kijitabu cha kutiwa mfukoni, mtu akakisoma garini akienda zake kazini.

Alipokuwa angali mwalimu, mwaka 1942, alitoa kitabu juu ya maisha ya Seyyid Said bin Sultan. Aliandika pia maisha ya Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie. Na kuna kitabu chake ambacho mimi nakipenda kuliko vyote baada ya tafsiri, nacho ni Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichotolewa Mombasa mwaka 1972 kutokana na kazi aliyoianza katika miaka ya 1940. Humo ameeleza habari za masheikh wa Barawa, Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija: nani alisoma kwa nani, alisoma kitabu gani, na nani alisoma kwake. Mwanachuoni wa Kimarekani, Randall Pouwels, alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 1989, na wanaotafiti historia ya Uislamu wa pwani hii hawawezi kukikwepa. Lakini ukikisoma kwa makini utaona kwamba ni daftari la mahudhurio la mwalimu. Kila sheikh ameandikwa kwa walimu wake na wanafunzi wake. Kwa Sheikh Abdalla, mtu hujulikana kwa aliyemfundisha na aliyemfundisha yeye.

Herufi walizokwisha kuzijua

Nakuja sasa kwenye tafsiri. Haikuwa ya kwanza kwa Kiswahili. Ya kwanza ilitolewa mwaka 1923 na Canon Godfrey Dale, padri wa misheni ya Unguja. Ya pili ni ya Jumuiya ya Ahmadiyya, iliyotoka Nairobi mwaka 1953. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, yule aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, naye aliianza kazi ya tafsiri, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kuikamilisha. Waislamu wa Kisunni wa pwani walikuwa hawana chao kilichotimia.

Sheikh Abdalla aliitoa yake sehemu kwa sehemu kuanzia miaka ya 1950, mpaka ikakamilika na kuchapishwa Nairobi na The Islamic Foundation mwaka 1969. Kiarabu kimewekwa pamoja na Kiswahili chake, na chini yake maelezo, ambamo mara nyingi amewajibu Ahmadiyya katika mambo aliyoona wamepotoa.

Aliandika kwa herufi za Kizungu, na katika jambo hili kuna hikima ambayo pengine hatujaipa uzito wake. Kwa karne nyingi Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hata Sheikh Al-Amin alilitoa gazeti lake la Sahifa kwa herufi hizo. Lakini skuli za serikali zilikuwa zimekwisha kuzaa wasomaji wa namna nyingine: karani, seremala, muuza duka, mke aliyesoma miaka minne akaolewa. Hawa walijua kusoma gazeti, ila darasa za msikitini zilikuwa mbali nao. Sheikh Abdalla aliwajua kwa sababu yeye ni mmoja wa waliowafundisha kusoma. Alipowaandikia, aliwaandikia wanafunzi wake waliokwisha kuwa watu wazima.

Nimeliona hili kwetu nyumbani. Bibi yangu alihitimu msahafu akiwa mtoto, na aliusoma kila siku baada ya alfajiri, lakini maana yake alingoja aisikie kwa sheikh mwezi wa Ramadhani. Mama yangu alikwenda shule miaka minane. Kitabu cha Sheikh Farsy kilipoingia nyumbani, bibi alikuwa akisoma aya, na mama anamsomea maelezo yaliyo chini. Bibi akisikia jambo humkatiza, “Hebu rejea hapo, mwanangu.” Mmoja alikuwa na chuo, wa pili alikuwa na shule, na kitabu kiliwakutanisha.

Sitaficha kwamba hawakuwa wote walioridhika naye. Alisema wazi juu ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, hata akaliandikia kitabu jambo hilo, na wako masharifu na masheikh wenye elimu yao waliompinga, nao wana hoja zao. Mjadala huo haujesha barazani mpaka leo, na si kazi yangu kuukata. Ninalosema ni kwamba hata waliompinga walilazimika kumjibu kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu watu walikwisha kuzoea kuelezwa wakaelewa.

Somo letu

Nauliza basi, sisi leo tunamtazamaje mwalimu wa shule ya msingi? Mtoto wetu akifaulu sana tunamtakia udaktari au uanasheria. Ualimu tunamwachia aliyekosa alama. Na maalimu wa madrasa twamlipa kwa kudura, mwezi huu kuna, mwezi ujao hakuna, kisha tunashangaa kwamba vijana wanaojua Qurani hawapendi kuifundisha. Hawa wawili, mwalimu wa asubuhi na maalimu wa jioni, wanafundisha mtoto mmoja, lakini mara nyingi hawajuani hata kwa majina.

Sheikh Abdalla alikuwa wote wawili katika kanzu moja. Kwa hivyo naona kuna mambo mawili ambayo kamati zetu za misikiti na madrasa zinaweza kuyafanya bila kungoja serikali. Moja, kumlipia maalimu kijana karo ya chuo cha ualimu, apate mbinu za kusomesha juu ya elimu aliyo nayo. Pili, kumwalika mwalimu wa shule, yule anayesomesha elimu ya dini ya Kiislamu kwa ratiba ya serikali, aingie madrasani na kukaa na wenzake. Gharama yake haifiki ya zulia jipya, na faida yake hudumu kuliko zulia.

Pengine katika darasa moja la Kisauni, Faza au Msambweni yuko mwalimu ambaye usiku, baada ya kusahihisha madaftari, anaandika. Tusingoje awe kadhi ndipo tumwamkie kwa heshima. Mola amrehemu Sheikh Abdalla, awarehemu waliomsomesha, na awape subira wanaosimama mbele ya watoto wetu kila asubuhi. Amin.